Intavali, tempo, fatleki au vilima? Kuchagua zoezi la kasi la nusu marathoni

Jumanne moja, wiki nane kabla ya nusu marathoni yangu ya pili, nilijiunga na kundi la watu walionizidi mbio, tukapiga mizunguko 12 ya mita 400 uwanjani. Nilimaliza yote. Kufikia mzunguko wa 9 nilishindwa hata kutema mate, yakaning'inia kidevuni, lakini nilirudi nyumbani kifua mbele. Jumamosi ikafika zamu ya mbio ndefu ya kilomita 16. Kilomita ya 11 kigimbi cha kushoto kikakaza kama kamba iliyolowa. Tano zilizobaki nikazitembea, kisha nikakaa siku tisa bila kukimbia. Ukipiga hesabu, kilomita 4.8 za kasi ziliniondolea karibu kilomita 40 za kawaida.

Sikuachana na intavali baada ya hapo, bado nazifanya. Kilichobadilika ni swali. Zamani nilikuwa nauliza zoezi lipi linaongeza kasi, na jibu ni kwamba yote yanaongeza, hata likifanywa ovyoovyo, ilimradi ulikuwa hukimbii kasi kabisa. Sasa nauliza: nikishalifanya hili, mwili utanidai siku ngapi, na deni litakuwa limeisha kabla ya mbio ndefu ya mwisho wa wiki? Hapo ndipo mazoezi manne ninayoyalinganisha yanapoachana sana, kuliko hata kwenye faida zake.

Ninayemwandikia ni mtu anayekimbia mara tatu hadi tano kwa wiki, ana kazi na familia, kilomita 10 anazimaliza bila kusimama, na ana wiki 10 hadi 14 za kujiandaa. Hakimbii kwa ajili ya zawadi. Ila muda wake wa mwaka jana anaukumbuka hadi sekunde.

## Maswali ya kulinganishia

Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Kwa wengi wetu ni kazi ya saa moja na dakika 40 hadi saa mbili na nusu, na karibu nguvu zote zinazotumika humo hutengenezwa kwa oksijeni. Ndiyo maana sehemu kubwa ya wiki huwa ni mwendo wa kupiga soga. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni mafungu manne taratibu, fungu moja kasi. Anayekimbia kilomita 35 kwa wiki amebakiwa na kama 7 za kuzigawa kwenye mazoezi yote haya manne. Huwezi kuyafanya yote, na hapo ndipo kuchagua kunapoanza.

Kila zoezi nimelipitisha kwenye maswali yaleyale. Linajenga nini mwilini? Linadai nini, kwa maana ya siku za uchovu na sehemu zinazoumia? Linataka nini ili lifanyike sawasawa: mahali, saa, uzoefu wa kuijua kasi yako? Linafanana kiasi gani na siku ya mashindano? Na ni la nani? Swali la pili nalipa uzito kuliko mengine, na ukiona nimelirefusha, ujue ni kigimbi changu kinachozungumza.

Tuwe na mkimbiaji wa mfano ili namba zisielee. Anataka kumaliza ndani ya saa mbili, yaani kila kilomita kwa dakika 5 na sekunde 41 (nitaandika 5:41). Kwa sasa anakimbia kilomita 5 kwa kama dakika 26 na kilomita 10 kwa kama dakika 54. Mbio zake za taratibu ni kati ya 6:30 na 7:00. Wewe zitafute zako kwa kukimbia kilomita 5 kwa nguvu zote siku moja na kupima muda, halafu usitumie muda unaoutamani badala ya ule uliouona. Watu wengi hufanya mazoezi ya mtu wanayetaka kuwa kwa miguu ya mtu waliye.

## Intavali

Unakimbia kipande kwa kasi kubwa, unapumzika kwa kutembea au mchakamchaka, unarudia. Kwa nusu marathoni vipande vyenye faida ni vya dakika tatu hadi tano, mita 800 au 1000, kwa kasi ya mbio zako za kilomita 5. Mkimbiaji wetu atapiga mita 1000 mara nne au tano, kila moja kwa kama 5:10, akipumzika dakika mbili na nusu hadi tatu katikati.

Linajenga nini. Linainua dari. Kipande cha urefu huo kinausukuma moyo karibu na kikomo cha oksijeni ambayo mwili unaweza kuitumia, na mapumziko yanakuwezesha kurudi huko tena na tena, jambo ambalo usingeliweza kwa kukimbia mfululizo. Kocha Woldemar Gerschler na daktari wa moyo Herbert Reindell, waliouendeleza mtindo huu huko Freiburg, Ujerumani, waliuongoza kwa mapigo ya moyo: yapande hadi kama 180 kwa dakika, yashuke hadi 120, ndipo mkimbiaji aondoke tena. Rudolf Harbig, aliyefundishwa na Gerschler, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mjini Milan mwaka 1939, na rekodi hiyo ya dunia ilidumu miaka 16. Mimi ninachokichukua kwao ni heshima ya mapumziko. Wengi wetu huyapunguza ili tujione wagumu, kisha kipande cha tatu kinakuwa cha 5:20, cha tano 5:35, na zoezi tulilokuja kulifanya limeshageuka kuwa jingine.

Linadai nini. Kuliko yote. Hesabu siku mbili hadi tatu kabla miguu haijarudi, zaidi kama umevuka miaka 40 au usingizi wako ni wa kuokoteza. Vinavyoumia ni vigimbi, kano ya kisigino na misuli ya nyuma ya paja, hasa kwa mtu aliyeanza bila kupasha mwili moto. Dakika 10 hadi 15 za kukimbia polepole na michomoko mitatu ya mita 80 kabla ya kipande cha kwanza ni sehemu ya zoezi. Kama huna muda huo, huna muda wa intavali. Uwanjani kuna jambo jingine dogo: unapinda upande uleule kila mara, na kiuno kinajua. Nenda na upande wa pili wakati wa kupasha mwili, pakiwa hapana watu.

Linataka nini. Mahali palipopimwa. Kwenye uwanja wa riadha, mita 400 ni njia ya ndani kabisa. Njia ya 8 ni kama mita 453. Ukisogea nje kuwapisha wenye mbio, usikate tamaa kwa kuona muda umeharibika. Saa ya mkononi inayopima umbali kwa setilaiti nayo hubabaika kwenye kona. Kama uwanja huna, hesabu dakika: nne za kasi, tatu za polepole, mara tano, barabarani. Moyo haujui mita.

Linafanana na siku ya mashindano? Kidogo. Hakuna atakayekimbia kilomita 21 kwa 5:10 kama kilomita 5 zake ni dakika 26. Faida inakuja kwa mzunguko: dari likipanda, 5:41 inakuwa mbali na dari kuliko ilivyokuwa.

Ni la nani. Aliyekwama kwenye muda mmoja kwa misimu miwili licha ya kukimbia kilomita za kutosha, mwenye angalau mwaka mmoja wa mbio za mfululizo bila jeraha, na mwenye siku mbili nyepesi za kufuatia.

## Tempo

Hapa hakuna kusimama. Unapasha mwili, unaingia kwenye kasi ya kukaza lakini isiyokukaba, unakaa humo dakika 20 hadi 30, unapooza mwili. Kasi yenyewe ni ile ambayo ungeweza kuishika kwa kama saa moja kwenye mashindano. Kwa mkimbiaji wetu ni 5:25 hadi 5:30. Anayeona dakika 20 ni nyingi azigawe: dakika 10 mara mbili, na dakika moja au mbili za mchakamchaka katikati.

Linajenga nini. Misuli inayofanya kazi hutoa lakteti, na mwili huiondoa. Kuna kasi ambayo chini yake uondoaji unatosha, juu yake inaanza kurundikana na pumzi inabadilika ghafla. Tempo inakaa kwenye kizingiti hicho na kukisogeza mbele kidogo kidogo. (Lakteti imesingiziwa mengi. Maumivu ya misuli ya kesho yake si yake. Huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi, na misuli yenyewe huitumia kama mafuta.) Ili ukipate kizingiti hicho, huna haja ya maabara. Jaribu kuongea. Ukiweza kusema "nipo sawa, twende" kisha ukahitaji kuvuta pumzi, upo pale. Ukiweza kusimulia ugomvi wa ofisini kuanzia mwanzo, umepoa. Ukijibu kwa kichwa tu, umezidisha.

Linadai nini. Deni la wastani, siku moja na nusu hadi mbili. Hatari yake iko kwenye tabia zaidi ya misuli: tempo inageuka kuwa mashindano na saa yako. Wiki ya kwanza 5:28, ya pili 5:24, ya tatu 5:19 kwa sababu ya tatu lazima ishinde ya pili, na ya nne huamki. Nimeshafanya hivyo, na daftari langu la mazoezi linaonyesha kabisa siku nilipoacha kuandika. Siku hizi kasi naishikilia palepale wiki tatu au nne, naongeza dakika, na ishara ya kwamba kazi inafanyika ni kwamba 5:28 ileile inanidai pumzi kidogo kuliko zamani.

Linataka nini. Kipande cha barabara kisicho na magari ya kukusimamisha kila baada ya dakika mbili, na uvumilivu.

Linafanana na siku ya mashindano? Sana, lakini hapa kuna jambo ambalo mipango mingi ya kunakili hailisemi. Wanaume walio bora duniani humaliza nusu marathoni chini ya saa moja. Kwa hiyo kasi yao ya kizingiti, ile ya kuishika saa nzima, ndiyo hiyohiyo kasi yao ya mashindano au karibu nayo mno. Kwao tempo ni kujaribu nguo ya sherehe. Mkimbiaji wa saa mbili anapofanya tempo ya 5:27, yuko sekunde 14 juu ya kasi atakayoihitaji, na siku yenyewe atakaa barabarani mara mbili ya muda wao. Tempo inamfaa bado, ila haimfundishi kitu kimoja: kukaa kwenye 5:41 miguu ikiwa imeshachoka. Hilo nitalirudia mbele kidogo.

Ni la nani. Anayekimbia kilomita 10 vizuri kisha nusu marathoni inamkatikia kilomita ya 14. Pia mwenye siku moja tu ya kasi kwa wiki anayetaka zoezi lisilomharibia Jumamosi. Halimfai asiyeweza kujizuia.

## Fatleki

Gösta Holmér, kocha wa Uswidi, aliubuni mtindo huu katika miaka ya 1930, wakati wakimbiaji wake walipokuwa wakipigwa mara kwa mara na jirani zao wa Ufini. Jina lake kwa Kiswidi maana yake ni mchezo wa kasi, na kweli ni mchezo. Uko kwenye mbio zako za kawaida. Unaona nguzo ya taa, unachomoka mpaka hapo. Unapoa. Unaona mti, halafu kona baada ya mti. Unachomoka mpaka kwenye mti, kona unaitamani, unaamua uiendee. Mwenye kupenda mpangilio atafanya dakika moja ya kasi na moja ya polepole mara 10 au 12, ndani ya mbio za dakika 45.

Linajenga nini. Kila kitu kidogo kidogo. Kwenye vipande vifupi unagusa kasi ya intavali, kwenye virefu unagusa tempo, na kwa kuwa hupumziki kwa kusimama, mwili unajifunza kupata nafuu ukiwa bado unakimbia. Huwezi kusema leo umejenga kitu fulani kwa kiasi fulani. Kwa baadhi ya watu hiyo ni kasoro. Kwa wengine ndiyo sababu wanaendelea kukimbia hadi leo.

Linadai nini. Unachoamua wewe. Miguu mizito? Vipande vinakuwa vitano badala ya kumi, na hakuna karatasi ya kukusuta. Nimewahi kuanza fatleki nikiwa nimepata usingizi wa saa nne tu, nikachomoka mara mbili, nikaona mwili hautaki, nikamalizia taratibu bila kujiona nimeshindwa. Kwenye kundi mambo hugeuka: kila mtu anataka kuwa wa kwanza kufika kwenye nguzo, na mchezo unakuwa intavali zisizo na mapumziko.

Linataka nini. Viatu.

Linafanana na siku ya mashindano? Kwa upande wa barabara, ndiyo: mtu anakupita, kilima kinakuja, unapanda kasi na kushuka. Kwa upande wa kushika mwendo mmoja saa mbili, hapana. Na maendeleo huwezi kuyapima. Hakuna fatleki mbili zinazofanana za kulinganisha Machi na Mei.

Ni la nani. Anayeanza kabisa kukimbia kasi, anayerudi baada ya kukaa nje, anayechukia saa, mzazi wa mtoto mchanga. Na mkimbiaji mzoefu wakati wa wiki za mwanzo, kabla ya kazi nzito.

## Vilima

Yako mazoezi mawili chini ya jina moja. La kwanza ni fupi: sekunde 8 hadi 10 za kupanda kwa nguvu zote, kisha kutembea kushuka mpaka pumzi irudi kabisa, mara 6 hadi 8. La pili ni refu: sekunde 60 hadi 90 za kupanda kwa juhudi ya kilomita 5, kushuka kwa mchakamchaka, mara 6 hadi 10. Mwinuko uwe wa wastani, kiasi cha kukufanya uinue magoti bila kukufanya utambae.

Linajenga nini. Nguvu ya miguu bila kwenda kunyanyua vyuma, na mtindo wa kukimbia. Huwezi kupanda kilima kwa kasi ukiwa umeburuza miguu. Mlima wenyewe unakusahihisha. Arthur Lydiard wa New Zealand aliviweka vilima katikati, baada ya majuma mengi ya kilomita za kujenga msingi na kabla ya kazi ya uwanjani. Tarehe 2 Septemba 1960 vijana wake wawili, Peter Snell kwenye mita 800 na Murray Halberg kwenye mita 5000, walichukua dhahabu za Olimpiki mjini Roma siku moja.

Linadai nini. Kwa juhudi inayotolewa, deni ni dogo kuliko unavyotarajia. Mguu unapopanda hauangukii chini kwa kishindo kama kwenye tambarare, na kasi yenyewe ni ndogo ingawa moyo unafanya kazi kubwa. Deni linajificha kwenye kushuka. Ukishuka mbio, misuli ya mbele ya paja inashika breki kila hatua, na kesho yake ngazi za nyumbani utazishuka kinyumenyume. Shuka kama mtu asiye na haraka. Na kama kano ya kisigino inakusumbua, acha vilima kwa sasa, kwa sababu kupanda kunaivuta kuliko kitu kingine chochote hapa.

Linataka nini. Kilima, na ndiyo basi. Saa haina kazi. Hata ukiitazama, kasi yake haina maana. Wanaoishi tambarare hutumia daraja la juu au mashine ya kukimbilia yenye kuinamishwa.

Linafanana na siku ya mashindano? Inategemea njia ya mashindano. Ikiwa ina miinuko, hakuna zoezi linalofanana nayo zaidi. Ikiwa tambarare, vilima ni vya kujenga mwili na viishe wiki nne au tano kabla ya siku.

Ni la nani. Anayeogopa uwanja lakini anataka nguvu. Anayepoteza umbo kilomita za mwisho, mabega masikioni, miguu ikisugua lami.

## Lile la tano nililoahidi

Kasi ya mashindano ndani ya mbio ndefu sikuiweka kwenye orodha kwa sababu haichukui siku ya zoezi la kasi. Inakaa ndani ya siku nyingine. Mkimbiaji wetu ana kilomita 16 za Jumamosi. Za kwanza 11 anakwenda 6:40, za mwisho 5 anakwenda 5:41. Hilo ndilo pengo ambalo tempo humwachia mtu wa saa mbili: anajifunza jinsi 5:41 inavyohisi wakati miguu haitaki tena. Mara ya kwanza utaona haiwezekani kuikimbia kilomita 21, na ni sawa. Siku ya mashindano utakuwa umepumzika.

Bei yake ni kubwa. Wiki yenye zoezi hili, siku ya kasi ya katikati ya wiki iwe nyepesi au isiwepo. Nafanya mara tatu au nne tu katika maandalizi yote, wiki moja ndiyo, wiki moja hapana.

## Kwa hali yako

Ni nusu marathoni yako ya kwanza. Kumaliza mbio ndefu bila kuumia kunazidi kila kitu kilicho hapo juu. Fatleki moja kwa wiki inatosha, na baada ya mbio mbili za taratibu ongeza michomoko minne ya mita 80 hadi 100, kwa kasi ya kupendeza, bila kukaza uso. Michomoko hiyo haina deni la kuhesabika.

Una siku tatu tu kwa wiki. Moja ndefu, moja taratibu, moja ya kasi. Hiyo ya kasi iwe tempo ikiwa mwili wako unaizoea haraka, au vilima kwa wiki nne za mwanzo kisha tempo. Intavali ndani ya siku tatu zinawezekana, lakini hakikisha kati yake na mbio ndefu kuna siku tatu kamili. Jumanne na Jumamosi, kama ile yangu, zinatosha kwenye karatasi; tatizo langu lilikuwa mizunguko 12 wakati mwili ulikuwa wa mizunguko mitano.

Una siku tano na mwaka mzima wa mbio nyuma yako. Unaweza kubeba mawili kwa wiki, moja likiwa zito na moja la wastani: intavali na tempo fupi, au vilima na tempo. Mawili mazito ndani ya wiki moja, pamoja na mbio ndefu, sijaona mtu wa kazi za mchana akiyabeba zaidi ya wiki tatu.

Kilomita 5 zako ni nzuri, nusu yako ni mbaya. Dari unalo. Acha intavali ingawa ndizo unazozipenda (na ndiyo maana unazipenda). Tempo, na kasi ya mashindano ndani ya mbio ndefu.

Unakimbia umbali wowote lakini mwendo ni mmoja. Mbio za taratibu na za kasi kwako zinatofautiana sekunde 20. Anza na vilima vifupi wiki tatu, kisha intavali za mita 800 wiki nne au tano. Halafu, na hili ni gumu zaidi, punguza kasi ya mbio zako za taratibu.

Umetoka kwenye jeraha. Wiki mbili au tatu za kukimbia taratibu bila maumivu ndipo uguse kasi. Kama lililoumia ni kigimbi au kano ya kisigino, pita kwenye tempo fupi za tambarare kwanza, vilima na intavali baadaye. Kama ni goti, watu wengi huona kupanda kunavumilika kuliko kukimbia kasi tambarare, ila kushuka iwe kwa kutembea. Na kama linauma hata kwenye ngazi, nenda kwa mtaalamu kabla ya kuendelea kusoma mipango.

Una wiki 12 kamili na hujui uanzie wapi. Mpangilio unaowafaa wengi ni vilima au fatleki wiki nne za kwanza, intavali au tempo wiki nne za katikati kulingana na udhaifu wako, kisha tempo na kasi ya mashindano mpaka wiki ya 10. Unaweza kuupindua ikiwa unatoka kwenye msimu wa mbio fupi na kasi bado unayo. Hapo intavali zitangulie na vilima visiwepo kabisa.

Zimebaki siku 10. Hakuna zoezi la kasi litakalokusaidia sasa; mwili unahitaji muda mrefu kuliko huo kuligeuza zoezi kuwa nguvu. Deni, hata hivyo, linaweza kukupata. Fanya tempo ya mwisho ya dakika 15, kisha siku nne kabla ya mashindano kimbia dakika 30 taratibu ukiweka ndani yake dakika tatu za 5:41, mara mbili. Ukiona zimekuwa rahisi mno, zima saa urudi nyumbani.